Chema chajiuza, lakini mara ngapi?



Wazee walituachia methali isemayo: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake yajulikana na kila mtu aliyepata kwenda sokoni. Mama auzaye unga safi hana haja ya kupiga kelele, kwa kuwa wanunuzi wamfuata wenyewe. Yule mwenye unga uliochanganyika na mchanga ndiye azungukaye huku na huku, akiusifu mpaka sauti yamkauka. Methali hii ni ya kweli. Walakini liko jambo moja isilolisema: je, kitu chema kilichokwisha kujiuza chaweza kuuzwa tena kwa mtu yule yule, mara ya pili, ya tatu, hata ya sita? Na mtu huyo akikinunua tena, ametenda kwa busara, au amepumbazwa na jalada jipya?

Juma hili twataka kulichungua swali hilo kwa kutazama habari za santuri moja ya muziki. Santuri hiyo ilitoka Uingereza mwezi wa Machi 1973, nayo yaitwa The Dark Side of the Moon, yaani Upande wa Giza wa Mwezi. Waliotunga ni kikundi cha muziki wa roki kiitwacho Pink Floyd. Vijana wengi hupenda kusikiliza muziki, na wazazi wengi hulalamika kwamba fedha za nyumbani zaishia huko. Basi, habari hizi zawafaa wote wawili.

Watu wanne na kazi yao

Kikundi cha Pink Floyd kilianza mjini London katika miaka ya 1960. Mtunzi wake wa kwanza, kijana Syd Barrett, alikuwa na kipaji kikubwa, lakini akili yake ilianza kusumbuka, na mwaka 1968 akaachana na wenzake. Mahali pake pakashikwa na David Gilmour, mpiga gitaa. Wengine walikuwa Roger Waters, mpiga gitaa la besi na mtunzi wa maneno; Richard Wright, mpiga vinanda; na Nick Mason, mpiga ngoma.

Mwishoni mwa mwaka 1971 watu hao wanne walikubaliana kutunga kazi moja nzima, ambayo nyimbo zake zote zingefuatana pasipo kukatika. Habari yake ingekuwa yale mambo yanayomlemea mwanadamu: wakati unaopita, fedha, vita, kuvurugika akili, na kifo. Mambo hayo hawakuyaokota vitabuni tu. Habari ya kuvurugika akili waliiona kwa rafiki yao Barrett. Habari ya vita Waters aliijua tangu utoto, maana baba yake aliuawa vitani huko Anzio, katika Italia, mwezi wa Februari 1944, naye mtoto alikuwa na umri wa miezi mitano tu.

Sasa tazameni jinsi walivyofanya kazi. Hawakukimbilia kuuza. Mwezi wa Januari 1972 waliicheza kazi hiyo mbele ya watu katika mji wa Brighton, na siku hiyo mitambo ikaharibika katikati. Mwezi uliofuata wakaicheza London. Kwa muda wa mwaka mmoja walizunguka wakiicheza mbele ya wasikilizaji, wakipunguza hapa, wakiongeza pale. Hata jina nusura liwaponyoke, kwa sababu mwaka ule ule kikundi kingine, Medicine Head, kilitoa santuri yenye jina hilo hilo. Pink Floyd wakachagua jina jingine kwa muda. Santuri ya wale wengine ilipokosa wanunuzi, wakarudia jina la kwanza.

Namna ilivyotengenezwa

Kazi ya kunasa sauti ilifanyika katika studio za Abbey Road, London, tangu katikati ya mwaka 1972 hata mwanzo wa 1973. Fundi wa sauti alikuwa kijana Alan Parsons, mwajiriwa wa studio. Sauti zilinaswa juu ya ukanda wenye njia 16, yaani ukanda mmoja uliogawanywa kama barabara yenye mistari 16: gitaa katika mstari wake, ngoma katika mstari wake, mwimbaji katika wake. Baadaye mistari hiyo yote huchanganywa, hii ikipunguzwa na ile ikiongezwa, mpaka upatikane ukanda mmoja wa mwisho. Huo ndio ukanda mama, na santuri zote huzaliwa kutoka kwake.

Wanafunzi watapenda kujua habari ya wimbo uitwao Money, yaani Fedha. Mwanzoni mwake hakusikiki chombo chochote cha muziki, ila mlio wa sarafu, karatasi ipasuliwayo, na mashine ya kuhesabia fedha dukani. Kila mlio ulinaswa peke yake. Kisha vipande vya ukanda vilipimwa kwa rula, vikakatwa sawasawa, vikaunganishwa kuwa duara, na duara hilo likazungushwa mashinani ili milio irudie bila kukoma. Milio ilikuwa saba, na wimbo wenyewe pia waenda kwa hesabu ya mapigo saba, hali nyimbo nyingi za namna hiyo huenda kwa manne. Siku zile hapakuwa na kompyuta ya kuwasaidia. Walitumia mkasi, rula na uvumilivu.

Katika wimbo uitwao Time, yaani Wakati, zasikika saa nyingi zikilia kwa pamoja. Parsons alikuwa amezinasa saa hizo moja moja katika duka la saa za kale, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Wenzake walipozisikia, wakazipatia nafasi. Kadhalika Waters aliandika maswali juu ya kadi, juu ya ugomvi, juu ya kifo, juu ya akili, akawauliza watu waliokuwapo studio. Paul McCartney, mwanamuziki mwenye sifa duniani kote, alijibu maswali hayo, lakini majibu yake hayakutumiwa. Sauti inayosikika mwishoni mwa santuri ni ya Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio. Mtu wa mlangoni alijibu kwa moyo mweupe, na majibu yake yakashinda ya mtu mashuhuri.

Ilipofika kuchanganya sauti, wanne hao hawakupatana. Waters na Mason walitaka sauti kavu na safi. Gilmour na Wright walitaka mwangwi zaidi. Wakamwita mtu wa nje, Chris Thomas, ili awe mwamuzi. Mwishowe ikapatikana kazi ya nyimbo kumi, yenye urefu wa dakika 43 hivi, ianzayo na kumalizika kwa mapigo ya moyo.

Jalada la santuri

Jalada lilitengenezwa na Storm Thorgerson na Aubrey Powell, na mchoro wenyewe ni wa mkono wa George Hardie. Juu ya weusi mtupu, mwali wa mwangaza mweupe waingia katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, kiitwacho prisma, nao watoka upande wa pili ukiwa umegawanyika rangi mbalimbali. Jina la kikundi halikuandikwa mbele, wala jina la santuri.

Ninyi wanafunzi mwaijua picha hiyo kutoka somo la fizikia. Ni jaribio la Isaac Newton, aliyeonyesha katika karne ya 17 kwamba mwangaza mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Newton alihesabu rangi saba. Hesabuni zile za jalada, nanyi mtazikuta sita tu: nyekundu, ya machungwa, manjano, kijani, buluu na zambarau. Rangi ya nili imeachwa. Mwalimu mkali angetoa alama tisa juu ya kumi.

Majuma 741

Santuri ilipotoka, ilipendwa mara moja. Huko Marekani gazeti la Billboard hutoa kila juma orodha ya santuri 200 zinazoongoza. The Dark Side of the Moon ilishika nafasi ya kwanza kwa juma moja tu, mwezi wa Aprili 1973. Huko Uingereza haikupita nafasi ya pili mwaka ule. Santuri nyingine nyingi zimepata kukaa juu muda mrefu kuliko hiyo. Ajabu yake ni kwamba haikuondoka. Kati ya mwaka 1973 na mwaka 1988 ilihesabiwa katika orodha hiyo majuma 741, nayo ni zaidi ya miaka kumi na minne. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka alikuwa amekwisha kuingia shule ya sekondari, na santuri ingali inauzwa. Baada ya hapo iliingia tena mara kwa mara, hata majuma yake yakapita 900. Hesabu ya nakala zilizouzwa duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 45.

Hapa methali yetu yatosha. Juma moja la sifa, kisha miaka mingi ya kuuzwa kimya kimya, mtu akimwambia jirani yake: chema chajiuza. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliihesabu miongoni mwa sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kutolewa upya

Sasa twafika penye swali letu. Kitu hiki kilichojiuza chenyewe kimetolewa upya mara nyingi. Tutaje matoleo makubwa tu.

Mwaka 1979 kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilitoa santuri iliyochongwa polepole, mashine zikienda kwa nusu ya mwendo wa kawaida, ili mifereji yake iwe safi zaidi. Mwaka 1983 huko Japani, na mwaka 1984 katika nchi nyingine, ikatoka juu ya sahani ndogo inayong'aa, iitwayo CD. Mwaka 1993 ikatimiza miaka 20, ikatolewa katika sanduku la ukumbusho. Mwaka 2003, miaka 30, ikatolewa juu ya sahani ya namna mpya, sauti zikitoka pande zote za chumba. Kazi hiyo ilifanywa na James Guthrie. Jalada la mwaka huo lilikuwa picha ya dirisha la vioo vya rangi, kama yale ya makanisa, lililojengwa kwa kuifuata prisma ya zamani. Mwaka 2011 likatoka sanduku kubwa la sahani sita, na ndani yake, pamoja na muziki, mlikuwa skafu, gololi tatu na visahani vya kuwekea bilauri. Mwezi wa Machi 2023, miaka 50, likatoka sanduku jingine kubwa. Na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Roger Waters, aliyekwisha kutengana na wenzake tangu miaka ya 1980, akaitoa kazi nzima akiwa ameirekodi upya pasipo wao.

Fikirini mtu mmoja aliyeinunua mwaka 1973 akiwa kijana wa miaka ishirini. Kama alinunua pia mwaka 1984, mwaka 1993, mwaka 2003, mwaka 2011 na mwaka 2023, basi amefika umri wa miaka sabini akiwa amenunua mara sita zile dakika 43. Mkewe amwuliza: Baba, je, huo si wimbo ule ule? Tumjibu nini mama huyo? Jibu la haki ni hili: matoleo hayo si sawa. Mengine yampa mnunuzi kitu ambacho hakuwa nacho, na mengine yamwuzia tena kile alichokwisha kukilipa.

Tutazame toleo la 1984. Santuri ya zamani ina pande mbili. Sindano yafuata mfereji, na kila mara ipitapo yaukwaruza kidogo, hata baada ya miaka mingi hukaanza kusikika mlio kama wa mafuta yanayokaangwa. Tena kila upande una dakika ishirini na kitu tu, kwa hiyo kazi hiyo iliyotungwa ifuatane pasipo kukatika ilikatwa katikati: mtu alikuwa lazima ainuke akaigeuze kabla ya wimbo wa Money. Katika CD hakuna sindano, maana sauti imegeuzwa kuwa hesabu, vipimo 44,100 kwa kila nukta moja ya saa, nazo husomwa kwa mwali wa mwangaza usiokwaruza. Nyimbo kumi zasikika mfululizo. Mtu aliyenunua toleo hilo alipata faida iliyo wazi. Ni kweli, wako wapenzi wa santuri wanaosema kwamba kule kuinuka na kuigeuza kuliwapa nafasi ya kuvuta pumzi. Hata hivyo, hilo la kupenda halifuti faida.

Toleo la 2003 nalo lilikuwa na kazi halisi ndani yake. Guthrie alirudi kwenye kanda za mwanzo zenye mistari mingi, akazichanganya upya, ili msikilizaji aliyekaa katikati ya vipaza sauti azisikie zile saa zikilia mbele yake na nyuma yake. Walakini faida hiyo ni kwa mwenye vipaza sauti vya namna hiyo. Asiye navyo amenunua dirisha la vioo tu.

Katika sanduku la 2011 mlikuwa vitu viwili vya thamani: muziki uliochezwa mbele ya watu huko Wembley mwaka 1974, na mchanganyiko wa kwanza wa kazi hii, uliofanywa na Parsons mwaka 1972 kabla haijakamilika. Apendaye kujifunza jinsi kazi inavyokua atafaidika sana hapo, kama mwanafunzi aonyeshwaye daftari la mwandishi lenye masahihisho yake. Lakini gololi na skafu hazina sauti. Na lile sanduku la 2023 lilikuwa na muziki ule ule wa Wembley wa mwaka 1974. Basi, yule aliyekuwa na la kwanza, akanunua la pili kwa ajili ya Wembley, alilipa mara mbili. Hapo kitu chema kimeanza kujitembeza.

Ujira wa mwimbaji

Kutolewa upya kwaweza kuwa na faida nyingine isiyoandikwa katika matangazo, nayo ni kutengeneza lililopotoka.

Wimbo wa tano wa santuri hiyo, The Great Gig in the Sky, hauna maneno ya kuimbwa. Richard Wright alitunga muziki wa kinanda, na habari yake ni kifo. Wakatafuta mwanamke wa kuuimbia. Siku ya Jumapili moja ya mwezi wa Januari 1973 akaja Clare Torry, mwenye umri wa miaka 25. Hawakuwa na maneno ya kumpa. Akaamua kuifanya sauti yake iwe kama chombo cha muziki: akalia, akaomboleza, akapaza, akashusha hata kunong'ona. Alirudia mara chache, kisha akaona haya, akidhani amepita kiasi. Akalipwa pauni 30, nao ulikuwa ujira maradufu kwa sababu ni Jumapili, akaenda zake. Hakujua kama sauti yake ingetumiwa, mpaka alipoiona santuri dukani na jina lake likiwa limeandikwa kati ya waimbaji.

Ndiyo, jina lake liliandikwa kati ya waimbaji. Lakini penye nafasi ya mtunzi lilikuwa jina la Wright peke yake, na malipo yatokanayo na kila nakala humfuata mtunzi. Milioni kwa milioni zikauzwa. Miaka 31 ikapita. Mwaka 2004 Bibi Torry alikwenda mahakamani, akidai kwamba ile sauti hakuisoma mahali, wala hakufundishwa na mtu: aliitunga mwenyewe papo hapo. Mwaka 2005 wakapatana kabla ya hukumu, na kiasi cha malipo hakikutangazwa. Ila jambo moja laonekana na watu wote: katika matoleo yaliyofuata, wimbo huo waandikwa kuwa wa Wright na Torry.

Hebu pimeni kesi hiyo, wasomaji. Mtu mmoja atasema: walimwajiri, walimlipa bei ya siku ile, naye aliikubali. Tena nani angejua kwamba santuri ingeuzwa hivyo? Neno hilo lina nguvu yake. Fundi aliyejenga duka halipwi tena kila mwenye duka apatapo faida. Walakini fundi huyo alipewa ramani. Bibi Torry hakupewa wimbo wa kuimba. Wimbo wenyewe ulitoka kinywani mwake. Na ushahidi umo katika lile sanduku la 2011, maana mchanganyiko wa mwaka 1972 ulifanywa kabla Bibi Torry hajafika studio. Sikiliza wimbo huo pasipo sauti yake, kisha usikilize pamoja na sauti yake, nawe utapima mwenyewe kama aliyeongeza kitu kile alikuwa kibarua au mtunzi. Mimi kwa upande wangu naona kwamba alidai haki, na kwamba jina lililoandikwa baada ya miaka 32 ni heri kuliko jina lisiloandikwa kamwe, ijapokuwa heri zaidi lingeandikwa siku ya kwanza.

Tuchukue nini nyumbani

Jambo la kwanza ni la vijana, na la kila mwenye kununua. Kitu cha zamani kikiletwa katika sanduku jipya, usiulize: Je, ni kizuri? Uzuri wake waujua tayari, na muuzaji aujua vilevile, ndiyo sababu akuletea. Uliza maswali matatu. Je, mna kitu ndani yake nisichokuwa nacho? Je, ninacho chombo cha kukisikilizia? Je, bei hii ni ya muziki, au ni ya sanduku? Maswali hayo yafaa kwa santuri, na pia kwa simu, kwa nguo na kwa kitabu cha shule kilichobadilishwa jalada. Siku hizi watu wengi husikiliza muziki kwa simu pasipo kununua sahani yoyote, lakini mtindo wa kumwuzia mtu alichokwisha kulipia haujafa. Umebadili nguo tu.

Jambo la pili ni la wazazi. Si kila fedha itumikayo kwa muziki imepotea. Kazi iliyotungwa kwa uvumilivu, ikajaribiwa mwaka mzima mbele ya watu kabla ya kuuzwa, yaweza kumlisha mtu miaka hamsini. Falanga zinazopotea ni zile zinazofuata kila sanduku jipya. Mtoto anunuaye kitu kimoja chema, akakisikiliza hata akakijua, ana hekima kuliko yule mwenye rundo asilolijua.

Jambo la tatu ni la wanakwaya na wapiga vyombo, nao ni wengi kati yetu. Kwaya nyingi sasa hunasa nyimbo zao na kuziuza. Kabla mashine haijawashwa, chukueni daftari, mwandike: nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani ameongeza nini, na fedha zikija zitagawanywaje. Kila mtu atie sahihi, hata yule dada aliyeitwa siku ile moja tu. Msiseme: Sisi ni ndugu, hatuna haja ya karatasi. Karatasi huandikwa wakati wa mapatano, ili isihitajiwe mahakama wakati wa ugomvi. Wale wanne wa Pink Floyd walikuwa marafiki tangu ujana, tena walikuwa na wanasheria, na bado iliwachukua miaka 32 kuandika jina moja mahali pake.

Mwaka 2024 haki za rekodi za Pink Floyd zilinunuliwa na kampuni ya Sony, na magazeti yalitaja bei ya dola milioni 400 hivi. Mtu hatoi kiasi hicho kwa kitu ambacho hatazamii kukiuza tena. Kwa hiyo matoleo mengine yatakuja, na majalada mengine, na matangazo mengine. Yatakapokuja, kumbukeni kwamba methali ya wazee ina sehemu mbili. Chema chajiuza: basi kikisha kujiuza kwako mara moja, nawe unacho nyumbani, kisikilize.